Malwa si kilo: Jedwali lipi la bei lichaguliwe kabla lori halijavuka Nimule

JUBA, Sudan Kusini

Katika soko la Konyo Konyo, nafaka ya rejareja haipimwi kwa kilo. Inapimwa kwa malwa, kopo la bati ambalo likijazwa mtama hubeba takriban kilo 3.5. Mkenya atalifananisha na gorogoro, Mtanzania na kisado. Pale sokoni hakuna anayechanganyikiwa: mnunuzi analiona kopo, muuzaji analijaza mbele yake, bei inatajwa kwa pauni. Mkanganyiko huanza bei hiyo inapotoka sokoni, ikaandikwa kwenye lahajedwali, ikawekwa mtandaoni, kisha ikafunguliwa na mfanyabiashara aliyeko Gulu, Eldoret au Kahama anayetaka kujua kama safari ya Juba italipa.

Zamani kazi hiyo ilihitaji mtaalamu wa takwimu. Leo Excel iko kwenye kompyuta ya dukani, Google Sheets iko kwenye simu, Power BI inachora grafu kwa kubofya mara chache, na programu za akili bandia hupokea faili na kutoa majibu kabla chai haijapoa. Kuhesabu kumekuwa rahisi. Kilichobaki kigumu ni kuchagua jedwali la kuipa programu, kwa sababu programu haijui kwamba malwa si kilo. Italipokea jedwali baya kama inavyolipokea zuri, na grafu itakayochora itapendeza vilevile.

Hesabu ya lori moja

Chukua mfano huu, wenye namba za kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Faili linasema mtama Juba ni pauni 7,000. Mfanyabiashara amekwisha kukadiria kwamba kilo moja, ikishanunuliwa kaskazini mwa Uganda, ikasafirishwa na kulipiwa kila kinacholipiwa njiani, itamfikia Juba kwa gharama ya pauni 1,700. Akiisoma ile 7,000 kuwa bei ya kilo, anaona faida ya pauni 5,300 kwa kila kilo. Kwa lori la tani 30, hiyo ni pauni milioni 159. Mtu akiona namba ya namna hiyo huanza kutafuta dereva usiku uleule.

Sasa na aisome safu ya kipimo. Inasema kilo 3.5, yaani malwa. Kwa hiyo kilo moja ni pauni 2,000, na faida imeshuka hadi 300. Aisome na safu ya aina ya bei: ni rejareja. Yeye hatauza kopo kwa kopo. Atauza magunia kwa wenye maduka, kwa bei ya jumla. Ikiwa bei ya jumla ni pauni 1,800 kwa kilo, faida yake ni pauni 100, na lori zima ni pauni milioni 3. Lori likilala Elegu siku chache kuliko alivyopanga, hata hiyo haipo.

Safu mbili tu, ya kipimo na ya aina ya bei, zimeishusha milioni 159 hadi milioni 3. Jedwali lisilo na safu hizo halifai kwa kazi hii, hata likiwa na bei za miaka ishirini zilizopangwa kwa rangi.

Tena malwa ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Kopo lililobeba kilo 3.5 za mtama halitabeba uzito huohuo wa unga au wa karanga. Anayegawanya kila kitu kwa 3.5 anajitengenezea kosa jipya. Wenyeji wa mipaka ya kusini hawahitaji kufundishwa jambo hili. Gunia la lumbesa limewagombanisha wakulima na madalali wa Kenya na Tanzania kwa miaka mingi, na kila aliyepakia viazi anajua kwamba neno “gunia” peke yake halimwambii mtu chochote.

Majedwali yaliyopo

Habari njema ni kwamba bei za Sudan Kusini hazijafichwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, hukusanya bei za vyakula katika masoko mengi ya nchi, na mafaili yake hupatikana bure kwenye jukwaa la Humanitarian Data Exchange linaloendeshwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu wa misaada ya kibinadamu. Jukwaa hilo lilianzishwa 2014. Kuna faili la Sudan Kusini, la Uganda, la Kenya, na ya nchi nyingine za jumuiya, yote kwa mpangilio mmoja. Mfanyabiashara anayetaka kulinganisha Juba na Gulu anaweza kuyaweka mafaili mawili pamoja bila kubadilisha vichwa vya safu.

Taasisi ya REACH nayo hukusanya bei za masoko ya Sudan Kusini kwa kushirikiana na mashirika yanayogawa misaada ya fedha taslimu, na kutoa mafaili ya Excel. Humo hazimo nafaka tu. Zimo pia bidhaa za nyumbani kama sabuni na madumu ya maji. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Sudan Kusini hutoa fahirisi ya bei za mlaji. Ng'ambo ya pili, Benki Kuu ya Uganda huchapisha thamani ya bidhaa zinazouzwa nje kwa kila nchi zinakokwenda, Sudan Kusini ikiwa miongoni mwa wateja wakubwa.

Kila moja lina kazi yake, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Fahirisi ya bei si bei. Inaonyesha maisha yamepanda kwa kiasi gani tangu mwaka wa kianzio, lakini haiwezi kumwambia mtu gunia la maharage ni pauni ngapi. Takwimu za Benki Kuu ya Uganda zinaonyesha biashara inaelekea wapi kwa ujumla, hazionyeshi faida ya mzigo mmoja. Na bei za WFP zimekusanywa ili kujua kama familia zinamudu chakula, si kumtafutia mtu soko la kuuzia. Ndiyo maana zimejaa mtama, mahindi, maharage, mafuta ya kula na mafuta ya petroli, na nyingi ni za rejareja. Anayeleta mabati, saruji, mitumba au kreti za soda hatapata humo kitu cha kumfaa, na ni heri alijue hilo mapema kuliko kuitumia bei ya mchele kukisia bei ya saruji. Yapo majaribio ya namna hiyo. Huanza na maneno “vitu vyote vimepanda”.

Lipo pia pengo ambalo linawahusu moja kwa moja wasomaji wenye mizigo midogo. Takwimu rasmi za mauzo ya nje hutoka kwenye matamko ya forodha. Mama anayevuka Elegu na magunia matatu, au kijana wa bodaboda mwenye trei za mayai, mara nyingi hayumo. Uganda imejaribu kuliziba pengo hilo kwa uchunguzi wa biashara isiyo rasmi mipakani unaofanywa na ofisi yake ya takwimu, UBOS, pamoja na Benki Kuu. Anayetaka kujua ukubwa halisi wa soko la Juba kwa bidhaa ndogondogo asichague jedwali la forodha peke yake. Utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kutumia fomu nyepesi, umewaingiza baadhi yao kwenye kumbukumbu, lakini si wote.

Jedwali zuri kwa jicho, baya kwa mashine

Mtu akifungua faili la WFP kwa mara ya kwanza hukata tamaa. Ni mistari maelfu, haina rangi, haina jumla chini, haina kichwa kikubwa juu. Kila mstari ni bei moja: tarehe, jimbo, soko, bidhaa, kipimo, aina ya bei, fedha, na bei yenyewe. Soko lilelile na bidhaa ileile hurudiwa mwezi baada ya mwezi. Jicho la binadamu linachoka. Lakini kwa programu ya uchambuzi hilo ndilo umbo bora kuliko yote.

Ripoti za ofisini hupangwa kinyume chake. Bidhaa zinashuka upande wa kushoto, miezi inakwenda kulia, visanduku vya juu vimeunganishwa ili kuandika “Robo ya Kwanza”, na chini kuna mstari wa jumla. Meneja hulipenda, na lina haki ya kupendwa kwa kazi ya kusomwa. Programu ikipewa hilo, itadhani “Januari” ni aina ya kitu na “Februari” ni aina nyingine. Mstari wa jumla itauhesabu kama bidhaa mojawapo. Kisanduku kilichounganishwa kitakuwa na neno mahali pamoja na utupu mahali pawili. Mwaka 2014 mtaalamu wa takwimu Hadley Wickham aliandika makala kuhusu data nadhifu, na kanuni yake inaweza kuandikwa kwenye kiganja: kila sifa safu yake, kila tukio mstari wake. Mfanyabiashara anayekuta mafaili mawili ya kitu kimoja, moja refu na la kuchosha, jingine pana na lenye kupendeza, achague lile la kuchosha.

Kuna kero ndogo za kuangalia hata kwenye faili zuri. Kwa miaka mingi mafaili ya WFP kwenye jukwaa hilo yamekuwa na mstari wa pili wenye alama zinazoanza na reli, kama “#date” na “#value”. Alama hizo zimewekwa kwa ajili ya mifumo ya mashirika ya misaada. Zikiachwa, baadhi ya programu huiona safu nzima ya bei kuwa maneno na hukataa kupiga wastani. Tiba yake ni kuufuta mstari huo mmoja. Wengi wameliacha faili zima kwa sababu yake, wakidhani limeharibika.

Ukubwa wa faili nao una neno. Excel ya sasa inabeba mistari 1,048,576 kwa ukurasa, lakini aina ya zamani ya faili, yenye mwisho wa “.xls”, inaishia 65,536. Kilichozidi hapo hakiingii. Oktoba 2020 Uingereza ilitangaza kwamba visa 15,841 vya Korona havikuingizwa kwenye hesabu kwa wakati, na sababu iliyoelezwa ni kikomo cha aina hiyo ya zamani. Ikiwa taasisi yenye fedha za Uingereza imenaswa hapo, duka la Juba Town lina ruhusa ya kuwa na hofu.

Pauni ya mwaka gani?

Pauni ya Sudan Kusini ilianza kutumika Julai 2011, siku chache baada ya uhuru. Hadi Desemba 2015 kiwango rasmi kilikuwa pauni 2.96 kwa dola. Mwezi huo Benki Kuu iliacha kukishikilia, na mara moja kikaruka hadi karibu 18.5. Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka mzima ulikuwa umepita asilimia 800. Thamani imeendelea kushuka tangu hapo.

Kwa hiyo anayeipa programu bei za mahindi za Juba kwa pauni, kuanzia 2012 hadi leo, atapata grafu inayopanda kama mlima. Programu ikiulizwa mwelekeo itasema bei inapanda mno, na itakuwa haijadanganya. Lakini kinachoonekana pale si njaa wala uhaba wa mahindi. Ni pauni inayoanguka. Hakuna uamuzi wa biashara unaoweza kutolewa humo.

Safu ya dola, inayoitwa “usdprice” kwenye faili la WFP, inaonekana kuwa jibu. Ni jibu nusu. Mtu ajiulize ni dola ya nani. Kabla ya Desemba 2015, dola ya mtaani ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko ya benki. Bei ileile ya gunia, ikigawanywa kwa kiwango rasmi, ilifanya Juba ionekane mji ghali kuliko miji ya Ulaya. Ikigawanywa kwa kiwango cha mtaani, ilirudi kuwa ya kawaida. Viwango viwili viliendelea kuwasumbua watu katika vipindi vingine pia. Kwa mfanyabiashara kiwango kinachofaa ni kile ambacho yeye mwenyewe atabadilishia pauni zake ili arudi nyumbani na shilingi. Kama hakimo kwenye jedwali, aongeze safu yake na akiandike, mwezi kwa mwezi.

Njia nyingine, rahisi zaidi, ni kuchagua kipindi kifupi. Anayetaka kuamua kuhusu mzigo wa mwezi ujao hahitaji bei za miaka kumi na miwili. Miezi ishirini na minne ya karibuni, ya masoko mawili au matatu anayoyajua, itamfaa kuliko historia yote ya nchi. Hapa watu wengi hawataki kusikia. Faili kubwa huonekana la maana zaidi.

Soko gani, jimbo gani

Wastani wa bei wa Sudan Kusini nzima ni namba isiyomfaa mfanyabiashara yeyote. Juba, Torit na Bor hulishwa zaidi na bidhaa zinazopanda kutoka Uganda na Kenya kupitia Nimule, kwenye ile barabara ya kilomita 192 iliyowekwa lami na kuzinduliwa 2012. Renk, Aweil na Bentiu kwa miaka mingi zimetegemea bidhaa za Sudan. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, masoko ya kaskazini yalipata mtikisiko wa aina yake. Jedwali likichanganya Renk na Juba kwenye wastani mmoja, mtikisiko wa Renk utamfanya mtu wa Gulu adhani Juba kuna upungufu. Lichaguliwe jedwali lenye jina la soko kwenye kila mstari, kisha lichujwe kwa njia ambayo mzigo wenyewe unapita.

Majina yana hila zake. Konyo Konyo huandikwa kwa maneno mawili, kwa neno moja, au kwa kistari katikati. Kwa programu hayo ni masoko matatu tofauti, na kila moja litapewa mstari wake kwenye grafu. Majimbo ni hadithi ndefu zaidi. Sudan Kusini ilipata uhuru ikiwa na majimbo 10. Amri ya Oktoba 2015 iliyagawa yakawa 28, Januari 2017 yakafika 32, na Februari 2020 nchi ikarudi kwenye majimbo 10 pamoja na maeneo matatu ya utawala. Katika kipindi hicho Juba ilikuwa ndani ya jimbo lililoitwa Jubek. Kabla na baada ya hapo ni Central Equatoria. Anayeunganisha jedwali la 2018 na la 2023 kwa kufuata safu ya jimbo ataona Jubek imetoweka na Central Equatoria imezaliwa upya, kana kwamba soko limehama. Aunganishe kwa jina la soko, au kwa nambari za latitudo na longitudo zilizomo kwenye faili la WFP, ambazo hazibadilishwi na amri ya rais.

Kisanduku kitupu

Julai 2016 mapigano yalizuka Juba na masoko yakafungwa. Kwenye jedwali, nyakati kama hizo huonekana kama visanduku vitupu. Programu nyingine huviruka, nyingine, zikiagizwa vibaya, huvijaza sifuri. Sifuri maana yake mahindi yaligawiwa bure. Mstari unaoshuka hadi sifuri Julai na kupanda tena Septemba utaiharibu kila hesabu ya wastani inayofuata. Kisanduku kitupu kiachwe kitupu.

Kinyume chake, zipo bei za ajabu ambazo ni za kweli. Mwaka 2021 madereva wa malori kutoka Kenya na Uganda waligoma baada ya wenzao kuuawa kwenye barabara za Sudan Kusini. Machi mwaka huohuo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Mwaka 2024 mvutano juu ya tozo mpya za mizigo ulikwamisha hata malori ya mafuta ya Umoja wa Mataifa. Mchambuzi wa mbali akiona bei imeruka katika miezi ya namna hiyo hushawishika kuifuta kama kosa la kuandika, na baadhi ya programu hujitolea kuifuta zenyewe. Mfanyabiashara asikubali. Mwezi ambao barabara ilifungwa ndio mwezi unaomwonyesha hatari ya biashara yake. Afadhali aongeze safu moja ya maelezo, aandike kwa maneno ya kawaida: mgomo, mafuriko, mpaka umefungwa, Korona. Hiyo ndiyo safu ambayo hakuna shirika litakalomjazia.

Lililo muhimu ni kutofautisha bei iliyopimwa na ile iliyokadiriwa. Faili la WFP lina safu inayoitwa “priceflag” inayoonyesha kama bei ni halisi au imejumlishwa kutoka nyingine. Mafaili ya watu binafsi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hayana safu ya namna hiyo, na mara nyingi hata jina la aliyekusanya halimo.

Namba zinazobadilika zenyewe

Excel ina tabia ya kusaidia bila kuombwa. Tarehe 03/04/2024 kwa mtu wa Nairobi ni tatu Aprili. Kwa kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani ni nne Machi. Faili likipitia kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti, nusu ya tarehe zitahama mwezi, na zile zilizozidi siku ya 12 zitabaki kuwa maneno. Mafaili yanayoandika mwaka kwanza, 2024-04-03, hayana ugomvi huo, na yapewe kipaumbele.

Wanaofanya kazi na mawakala wa forodha wana mtego mwingine. Maharage makavu huingia kwenye kichwa cha ushuru 0713, vitunguu 0703, nyanya 0702. Faili likifunguliwa kwa Excel na kuhifadhiwa, ile sifuri ya mwanzo huondoka na kubaki 713, 703, 702. Ukilinganisha na jedwali la ushuru, hakuna kinachooana. Mahindi, 1005, na mtama, 1007, hupita salama, na ndiyo maana kosa hilo huchelewa kugunduliwa: nafaka ziko sawa, mboga zimepotea. Safu ya namba za ushuru iwekwe kama maandishi kabla faili halijafunguliwa, si baada.

Daftari la duka

Baada ya yote hayo, jedwali linalomfaa zaidi mfanyabiashara linaweza kuwa lile ambalo bado halijaandikwa kwenye kompyuta. Daftari lake lina vitu ambavyo WFP haina: bei aliyouzia kweli, siku lori lilizokaa Elegu, kiwango alichobadilishia pauni, magunia yaliyoloa, aliyekopa na hajalipa. Mauzo ya mwaka mmoja ni mistari mia chache. Jioni mbili au tatu zinatosha kuyaingiza, kila mzigo mstari wake, kila sifa safu yake. Jedwali la umma libaki pembeni kwa kulinganisha.

Tahadhari moja tu. Daftari hilo likipakiwa kwenye programu ya mtandaoni, majina na simu za wadaiwa yasiende nalo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na deni la mteja ni taarifa yake. Safu ya jina ibadilishwe kuwa namba: mteja wa 1, mteja wa 2. Hesabu haitapungukiwa kitu.

Na kabla ya kuliamini faili lolote la bei za Juba, lipo jaribio linalochukua asubuhi moja. Mfanyabiashara, au ndugu yake aliyeko mjini, aende Konyo Konyo na mizani ndogo. Anunue malwa tatu za mtama kwa wauzaji watatu tofauti, azipime, agawanye bei kwa kilo, kisha afungue mstari wa karibuni zaidi wa soko hilo kwenye faili na kuigawa bei yake kwa 3.5. Namba mbili zikikaribiana, faili linaweza kutumika kwa mtama. Kwa maharage, arudie na kopo jingine.